Wanaume tunakaa benchi moja kanisani miaka kumi na hatujuani

Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua yangu ni ndefu na ukiona lazima ukate basi kata huku mwanzo lakini hiyo stori ya Fundi niachie kama ilivyo maana ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Kwa muda sasa nasikia watu wanalalamika kwamba wanaume tunapungua makanisani, ukienda ibada ya kwanza kina mama na watoto wamejaa benchi zote, wanaume wachache tuko nyuma karibu na mlango. Wengine wanasema mahubiri hayatugusi, wengine michango imezidi, mwingine nimemsikia anasema wanaume wa siku hizi tuna kiburi. Sibishani na yeyote, kila mmoja ana lake aliloliona. Ila mimi naona kuna kitu hakisemwi, nacho ni kwamba wanaume wengi kanisani hatuna marafiki. Tuna wanakwaya wenzetu, tuna wajumbe wenzetu wa kamati ya ujenzi, tuna majirani wa jumuiya, tuna watu mia mbili kwenye grupu la WhatsApp, lakini mtu wa kumwambia ndugu yangu nimeanguka, hatuna. Na mtu wa namna hiyo akianguka anaanguka kimya kimya, siku mnakuja kusikia ameacha kanisa ujue moyoni alishaacha mwaka mzima nyuma. Naandika hivi sio kwa kusikia, mimi mwenyewe nilikuwa huyo mtu.

Niseme wazi tu. Mimi ni mwanakwaya, naimba besi, usharika fulani hapa Dar es Salaam ambao sitautaja kwa sababu watu wa pale hawana kosa. Mwaka 2021 wakanichagua mweka hazina wa kwaya. Tulikuwa tunachanga tununue kinanda kipya, kile cha zamani vitufe vitatu vilishakufa na mpiga kinanda alikuwa anaviruka kama mtu anayeruka vidimbwi. Kila mwanakwaya shilingi 5,000 kwa mwezi na zile tunazopewa tukialikwa kuimba kwenye harusi. Hela zilikuwa zinakaa kwenye laini yangu ya simu kwa sababu akaunti ya benki ilikuwa bado, benki wanataka muhtasari wa kikao na picha za watia saini watatu na mmoja wao kasafiri, mambo yakawa ya kesho na keshokutwa.

Wakati huo mimi nilishaanza kubeti. Tulianza kazini, mchana wakati wa kula, mkeka wa shilingi 500, nikala 42,000 siku moja. Aliyepitia huko anajua, ile unayokula mwanzo ndiyo inakuja kukula wewe. Siku ya kwanza kugusa hela ya kwaya nilitoa 20,000 Jumatano nikajiambia Ijumaa narudisha, na kweli Ijumaa nikarudisha. Nikitazama nyuma naona ile kurudisha ndiyo ilinimaliza maana nilijiona mimi ni mwaminifu, nimekopa tu na nimelipa, nani kaumia. Mara ya pili nikatoa 50,000 nikarudisha 30,000. Baada ya hapo sikuwa naandika tena popote. Kufika mwezi wa tisa kwenye 1,840,000 ya kwaya zilikuwa zimebaki 310,000, na mikeka yote imechanika.

Na muda wote huo nipo kanisani, sikukosa hata mazoezi. Naimba, naombwa nifungue kwa sala nafungua, kwenye jumuiya naombwa nitoe neno natoa. Kuna Jumapili tuliimba wimbo wa toba, mama mmoja benchi la mbele akawa analia, mimi jasho linanitoka mgongoni huku nawaza mechi ya saa kumi na moja.

Hakuna aliyeniuliza chochote. Sisemi kwamba hawakunipenda. Kwenye grupu kila asubuhi kuna mistari ya Biblia, kuna picha za maua, kuna Amina na mikono ya maombi. Usiku mmoja saa saba nilishindwa kulala nikaandika, wapendwa naombeni mniombee napitia magumu. Asubuhi nilikuta Amina 31, nilizihesabu moja moja, na Mungu akutie nguvu mtumishi, na wewe ni mshindi. Kufika mchana meseji yangu ilishapanda juu huko imefunikwa na tangazo la ratiba ya mazoezi. Watu 31 walisoma kwamba ninapitia magumu na hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza magumu gani. Na mimi siwalaumu hata kidogo, maana nilipokumbuka vizuri hata mimi nimeshaandika Amina za hivyo nyingi sana kwa watu wengine na sikuwahi kupiga simu.

Aliyegundua ni Fundi. Ndivyo tunavyomwita kwaya nzima, ni fundi cherehani, ana kibanda cha kushona sare za shule na suti. Kwenye besi anasimama kushoto kwangu, na hapo tulikuwa tumesimama hivyo miaka sita. Kwa kweli hatukuwa marafiki, ilikuwa Bwana asifiwe, Amina, na kupanda daladala moja baada ya mazoezi. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alichoona ni mwanga. Nilikuwa naweka simu ndani ya faili la nyimbo naangalia matokeo wakati wenzangu wanaimba, na yeye akiwa kushoto akawa anaona karatasi yangu inawaka kwa chini. Nyimbo zenyewe nazijua kwa kichwa, akajiuliza huyu anasoma nini.

Jumamosi moja baada ya mazoezi akaniambia kaka twende tukanywe chai. Tukakaa kwa mama ntilie pale barabarani, akaagiza chai ya maziwa mbili na chapati mbili. Hakuhubiri, wala hakuniuliza kama nabeti. Aliuliza, "Umepoteza ngapi?" Nikasema kama laki mbili hivi. Akakata chapati, akala, akanyamaza. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Na za kwaya?"

Nilibaki naangalia ile chai mpaka ikafanya utando juu. Nikalia pale pale, mtu mzima mwenye watoto wawili, mama ntilie akageukia masufuria yake akajifanya haoni, Mungu ambariki yule mama.

Sasa hapo wengi wangeniambia pole ndugu tutaomba. Fundi akasema, "Jumatano tunaenda kwa mwenyekiti, mimi na wewe. Usipokuja ntaenda peke yangu, ila sitaki kukuchongea ndio maana nakwambia leo." Nilimchukia, sitaficha. Nilirudi nyumbani najiuliza rafiki gani huyu anataka kuniaibisha mbele ya kanisa, nikazima simu, na Jumapili sikwenda ibadani kwa mara ya kwanza mwaka ule. Wazo lililokuwa kichwani ni kuhama kabisa, nihamie usharika mwingine au nisiende popote. Nadhani wanaume wengi wanaoambiwa wamepoa kiroho walipotelea kwenye Jumapili kama ile.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri nikasikia hodi. Fundi. Akauliza, "Shemeji anajua?" Nikasema hajui. Akaniambia, "Basi mi nakaa hapa nje, we ongea naye." Akageuza ndoo ya maji akaikalia pale uani gizani. Mke wangu aliniambia nini hayo ni yake, siyaandiki gazetini. Ila nilipotoka nje kulishakucha kabisa, majirani wanafagia, na Fundi bado yuko juu ya ile ndoo, na kibanda chake hufunguliwa saa kumi na mbili kwa sababu wateja wa sare wanapita wakienda kazini. Hakuuliza tumeongea nini. Aliniuliza tu kama nimekula.

Jumatano tukaenda kwa mzee mwenyekiti, alikuwepo na mama mlezi wa kwaya. Walinitoa kwenye uhazina na ilikuwa haki yao, wakanisimamisha kuimba miezi mitatu lakini mazoezini nije nikae, na deni la 1,530,000 nilipe kwa miezi kumi. Halafu Fundi akatoa bahasha mfukoni, shilingi 200,000, akaweka mezani akasema hizi ni za kuanzia. Mimi nilizijua zile hela. Alikuwa anakusanya tangu Januari anunue mashine ya ovaloki, kila mtu kwenye besi alikuwa anaijua hiyo ovaloki maana aliisema kila safari ya daladala.

Kuanzia siku ile kila usiku saa tatu simu inaita. Fundi. "Leo je?" Maneno mawili tu. Kama ni salama nasema leo salama, anasema haya usiku mwema, anakata. Kama sio salama tunaongea. Laini ya pesa nilimkabidhi mke wangu, na simu yangu kubwa Fundi akaichukua akanipa kiswaswadu chake kwa miezi miwili, ingawa mtu akitaka kubeti hata kwa kiswaswadu anabeti, kwa hiyo kilichonizuia sio simu. Kulikuwa na usiku nilimdanganya. Nilisema leo salama na nilikuwa nimeweka 3,000 kwa simu ya mwenzangu wa kazini. Nikalala sikulala, saa tano na nusu nikampigia nikamwambia Fundi nilikudanganya. Akakaa kimya kidogo, nilikuwa nasikia feni yake inazunguka, halafu akasema, "Haya. Kesho tena." Hakukata tamaa na mimi na hakunisifu kwa kusema ukweli. Kesho yake saa tatu akapiga.

Mhariri, nimekaa kanisani tangu utoto, nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimesikia mahubiri ya neema nisiyoweza kuyahesabu. Lakini neema niliyoielewa mpaka mifupani ni ile kesho tena.

Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, yuko Kamachumu huko Muleba, sikutegemea alichojibu. Hakushangaa wala hakunigombeza sana. Akasema huyo rafiki yako anafanya kama walokole wa bibi yako. Hapo ndipo nikakumbuka. Miaka ya themanini nikiwa mdogo nilikuwa naishi kwa bibi, na kulikuwa na siku wazee wanakuja jikoni kwake jioni, wanaume kwa wanawake, sita au saba, wanakaa kwenye majani karibu na moto. Sisi watoto tunachungulia. Mmoja anaweza kusema, wiki hii nilimpunja jirani kahawa debe moja nikasema mzani umekosea, haukukosea, ni mimi. Hakuna anayeshtuka. Wanamuuliza, umerudisha? Anasema kesho napeleka. Wanaimba Tukutendereza Yesu, ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, wanaomba, wanakunywa uji wanaondoka, na kesho yake tunamwona yule mzee anapita na debe lake kichwani. Waliita kutembea nuruni, ni ile 1 Yohana 1:7, tukienenda nuruni kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi.

Siku hizi mlokole limekuwa neno la utani tu mtaani, mtu asiyekunywa bia anaitwa mlokole, lakini limetoka kwenye Kiganda, abalokole, waliookolewa. Na huo uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Kagera, Kenya na mbali zaidi, ukitafuta chanzo chake hukuti mkutano mkubwa wa spika na jukwaa, unakuta marafiki wawili. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa hospitali ya Gahini kule Rwanda, alifika Kampala amechoka kabisa kiroho, Rwanda ilikuwa imetoka kwenye njaa kubwa na yeye ameishiwa. Akakutana na Muganda mmoja, Simeoni Nsibambi, kule Namirembe, wakakaa wakafungua Biblia wakaomba pamoja. Fikiria enzi zile za ukoloni, mzungu na Mwafrika wanakaa chini kama ndugu wawili kila mmoja anamwambia mwenzake anachokosa. Church akarudi Gahini akiwa mtu mwingine, na mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa huko huko Gahini akifundisha mpaka alipofariki 1936, na moto ule ukatembea kutoka mtu kwenda kwa mtu. Kwetu Bukoba ukaingia kwa Walutheri, na marehemu Askofu Josiah Kibira aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, 1977 mpaka 1984, naye alikuwa mtu wa uamsho ule.

Kuna stori nyingine naipenda zaidi, ya Festo Kivengere, yule aliyewahi kufundisha shule Dodoma na baadaye akawa askofu wa Kigezi kule Uganda. Miaka ya arobaini alikuwa mwalimu kijana, hataki habari za Mungu, siku moja ametoka kunywa anarudi nyumbani na baiskeli, akakutana na rafiki yake njiani naye na baiskeli anakuja mbio. Rafiki akamsimamisha akamwambia kwamba amekutana na Yesu leo hii, halafu akaanza kumwomba msamaha kwa mambo waliyokuwa wanafanya pamoja, akiyataja moja moja. Akapanda baiskeli akaenda zake. Kivengere akaenda nyumbani akashindwa kukaa, na siku hiyo hiyo maisha yake yakageuka. Sio mhubiri aliyemvunja, ni rafiki yake waliyekuwa wanafanya naye mabaya.

Nisiwapambe kupita kiasi wale wazee, walikuwa na makosa yao, wengine walihukumu sana watu na palitokea mafarakano makanisani kwa sababu hiyo. Bibi mwenyewe alikuwa mkali. Lakini walikuwa na kitu ambacho sisi wenye spika kubwa na projekta hatuna, kila mmoja wao alijua kuna watu sita duniani wanajua dhambi yake na jioni watamkaribisha uji.

Biblia nayo imejaa mambo haya ila tunayapita haraka. Tunamhubiri sana Daudi na Goliathi, lakini Yonathani kumfuata Daudi mwituni akiwa anawindwa na Sauli ili amtie nguvu katika Mungu, hiyo tunaisoma ibadani mara ngapi? Yule mwenye kupooza kule Kapernaumu alibebwa na watu wanne wakatoboa paa, na Marko anaandika kwamba Yesu alipoiona imani yao, imani yao, ndipo akamwambia mwanangu umesamehewa dhambi zako. Labda yule mgonjwa siku ile hakuwa na imani hata ya kujaza kijiko, labda alikuwa anawaambia jamani nirudisheni nyumbani mnanitia aibu. Na mimi ninayempenda kuliko wote ni Onesiforo, ametajwa kwenye waraka wa pili kwa Timotheo tu, mistari michache. Paulo yuko gerezani Rumi, wengi wamemwacha, Dema ameondoka, na huyu Onesiforo akaingia mji mkubwa vile akamtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuuonea haya mnyororo wake. Hakuna mahubiri yake yaliyoandikwa, hakuna muujiza. Anakumbukwa miaka karibu elfu mbili kwa sababu alimtafuta rafiki yake aliyefungwa. Na Paulo mwenyewe, mtume mzima, kwenye waraka huo huo anaomba aletewe joho aliloliacha Troa na anamwambia Timotheo afanye haraka aje kabla ya baridi. Mtu mwenye ufunuo kama ule na bado anasema njoo, nina upweke, nasikia baridi.

Sasa niseme jambo linaloniuma na naomba wachungaji wangu wasinielewe vibaya. Wanaume wengi hawasemi kwa sababu walishasema mara moja wakaumizwa. Unamwambia mtu jambo lako la ndani, Alhamisi kwenye maombi anasimama, wapendwa tumuombee ndugu yetu mmoja sitamtaja jina, yule anayekaa karibu na shule, ndoa yake inapita kwenye moto. Hapo hujatajwa na umetajwa. Umbea ukivaa kanzu ya maombi ni mbaya kuliko ule wa mtaani maana huwezi hata kulalamika, utaambiwa tulikuwa tunakuombea. Mwanaume akishapita hapo mara moja anafunga mlango na ufunguo anautupa. Yakobo alisema tuungame sisi kwa sisi na kuombeana, hakusema tutangaziane. Kwa hiyo kabla hatujawaambia wanaume fungukeni tuanze na kufunga midomo yetu. Fundi mpaka leo hajamwambia mtu, waliojua ni wale wawili na baadaye wanakwaya wachache waliobahatisha, na hii barua amenipa ruhusa yeye niandike, alisema andika tu ila jina langu usiweke, watu watadhani mi ni malaika na shemeji yako atacheka.

Kina mama wametuzidi hapa. Wana Jumatano yao ya Umoja wa Wanawake, wana vikoba, ukiona wamekaa wanahesabu hela ujue na machozi yamo humo humo. Mke wangu alipozipata habari zangu siku ile, kabla ya jioni kulikuwa na wenzake wawili ndani wanamenya naye vitunguu. Sisi wanaume tunakutana kwenye kamati, na kwenye kamati tunazungumza saruji na nondo. Tukitoka hapo kila mtu na boda yake. Kama ni mwanafunzi angalau ana umoja wa wanafunzi Wakristo, UKWATA au TAFES, wanalala bweni moja wanaamshana usiku kuomba, mwenzako akikosa ibada unajua maana kitanda chake unakiona. Ukishamaliza shule ukaoa ukaajiriwa, basi, hakuna anayekiona kitanda chako tena. Ndugu zetu Wakatoliki maaskofu wao wa AMECEA, ule umoja wao wa Afrika Mashariki, waliliona hili mapema, tangu miaka ya sabini waliamua kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo za majirani, na sisi Walutheri tunazo jumuiya pia. Mpango ni mzuri sana. Lakini jumuiya nyingi nilizoziona siku hizi ni wimbo, neno dakika kumi, matangazo ya michango dakika ishirini, sala ya Bwana, watu wanatazama saa wakimbilie kazini. Wachungaji, ombi langu ni dogo, punguzeni hayo matangazo, tuacheni tukae. Na mwanaume akikosekana Jumapili mbili asitumiwe meseji ya grupu, aende mtu mmoja anayemjua, agonge mlango, na kama hakuna mtu hata mmoja anayemjua basi hilo lenyewe ndio tatizo la kushughulikia.

Na kuna wanaosema Yesu anatosha, marafiki wa nini. Ndio, Yesu anatosha, lakini Yesu mwenyewe usiku wa Gethsemane aliwachukua watatu akawaambia kaeni hapa mkeshe pamoja nami, na walipolala ilimuuma akaenda kuwaamsha. Na aliwaambia wanafunzi wake siwaiti tena watumwa, nimewaita rafiki. Nikifikiria sana naona Fundi kwenye ile ndoo alikuwa anafanya kile ambacho Petro alishindwa kukifanya usiku ule, kukaa macho nje wakati mwenzako yuko kwenye kikombe chake.

Deni la kwaya nililimaliza, la Fundi likachukua muda zaidi, ovaloki alikuja kuinunua 2023 na siku alipoileta tulimsaidia kuishusha kwenye guta wanaume wanne. Kinanda nacho kilipatikana. Jumapili ya kwanza kilipopigwa nilishindwa kuimba ubeti wa kwanza wote, nilikuwa nafungua mdomo sauti haitoki, Fundi akaimba kwa nguvu kidogo ili isijulikane.

Wale wanne walioshusha mashine sasa tunakutana kila Alhamisi saa mbili usiku kwenye kibanda chake akishafunga. Saa moja tu. Hakuna kuitana mtumishi wala mzee, hakuna mwenyekiti, hakuna mchango. Kila mmoja anasema wiki yake ilivyokwenda kweli kweli, mwingine anauliza swali, tunaomba tunaondoka. Mmoja ana shida na pombe, mmoja hajaongea na baba yake mzazi miaka minne, mmoja haamini vizuri tangu mtoto wake afariki na anakuja hivyo hivyo, huwa anasema mi leo siombi ombeni nyie, tunaomba sisi. Kulikuwa na wa tano alikuja mara tatu akaacha, hatukumlazimisha, ila najua Fundi bado anampigia.

Alhamisi hii tutabanana kidogo, shule zinafunguliwa na kuna suruali za sare zimejaa mpaka kwenye benchi, Fundi kasema tuje tu tutakaa juu ya majora.

Wako katika Kristo,
Mwanakwaya, besi
Dar es Salaam